Gari-Nyumba la Bwana Nassor

Vijana wangu wa gereji, mmeniaga kwa saa ya ukutani, zawadi anayopewa mtu asiye na haja tena ya kuwahi popote. Nashukuru. Kisha mkaniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tukitengeneza gari-nyumba kwa vitu rahisi. Nilipokuwa nanyi kila siku nikiyaeleza hayohayo, mlikuwa mnatazama simu. Sasa nimeondoka, maneno yangu yamekuwa lulu. Basi someni.

Vyeo sitavizungumzia. Pale gereji vyeo vilikuwa viwili tu: mwenye mali, na sisi.

Mie si fundi wa magari kwa asili yangu. Nilikuwa nashona mapazia na foronya katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, mahali ambapo wageni walinipiga picha kwanza na kuniomba ruhusa baadaye. Bwana Nassor alikuwa na mabasi madogo ya kutembezea wageni hao, hoteli Jambiani, na gereji Mpendae ya kuyatibu mabasi. Viti vya mabasi vilichanika, akaniajiri nivishone. Siku ya kwanza nikaenda na cherehani yangu, mkasi na chaki, nikakuta hakuna kiti hata kimoja cha kushona. Uwanjani kulikuwa na gari moja refu jeupe, limeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea.

Kwa msiolijua, gari-nyumba ni gari ambalo nyuma yake mna kitanda, jiko, sinki, makabati, na choo ambacho kwa siku tatu za mwanzo hapana aliyethubutu kukifunua. Lile lilikuja Unguja na mume na mke wa Kizungu waliolivusha bara zima kutafuta utulivu. Walipofika hapa wakagombana, wakaliuza, wakaondoka kwa ndege mbili tofauti. Bwana Nassor akalinunua akisema kwamba huo ndio utalii wa kisasa.

Kando ya gari alisimama mzee mwembamba, kofia ya kiua kichwani, mpira wa maji mkononi. Huyo ndiye Mzee Shaame, fundi wa bodi, aliyekuja kuwa mwalimu wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndo mshonaji?"

"Naam."

"Haya, ingia ndani ufunge mlango."

Nikasita. Ni siku yangu ya kwanza, mwanamke peke yangu katika gereji ya wanaume, naambiwa niingie kwenye gari lenye kitanda nifunge mlango. Akanielewa, akacheka.

"Mie nabaki nje, mwanangu. N'nalimwagia maji. Ukiona tone, gonga bati."

Nikaingia, nikaketi juu ya godoro lililonuka ukoga, nikasubiri. Hakuanza na paa. Alianza na madirisha ya chini, akakaa hapo muda mrefu, kisha akapanda kidogo kidogo. Baadaye aliniambia sababu: ukianza juu, maji yanashuka kote, na hutajua mwizi ni nani. Alipofika paani, tone likaanguka juu ya kitanda. Nikagonga bati, nikatia alama ya chaki, nikatoka nje nimejaa ushindi.

"Nimelipata tundu!"

"Umepata machozi," akasema. "Jicho liko kwengine."

Kweli. Tundu lilikuwa mbele kabisa, pembeni mwa kidirisha cha hewa, hatua tatu kutoka kitandani. Maji yaliingilia pale, yakatembea juu ya fito za dari, yakashuka yalipojisikia. Maji ya mvua ni mnafiki, huingilia kwa jirani yakajitokeza kwako. Likumbukeni hilo kabla hamjatoboa dari ya mtu.

Wenye gari wa zamani walikuwa wamepaka silikoni juu ya silikoni juu ya silikoni, kama mtu anayejipaka poda bila kukoga. Mzee Shaame akanipa mwiko wa mbao alioukata ncha, maana chuma kingelikwaruza bati, tukakwangua yote siku mbili. Tukafuta kwa spiriti, tukaacha pakauke kabisa, ndipo tukapaka mpya, mara moja tu. Plaiwudi iliyooza hatukuing'oa yote. Tulichoma bisibisi taratibu. Ilipozama tulikata, ilipogoma tuliacha. Mipira ya madirisha ilikuwa imekauka kama ngozi ya papa, na mipya ilipatikana ng'ambo tu. Nikachukua mpira wa ndani wa tairi la lori, nikauchora kwa chaki, nikaukata kwa mkasi wangu kama ninavyokata kola ya kanzu. Ukakaa barabara.

Mzee Shaame akauminya kwa kidole gumba, akazunguka dirisha zima, akaenda zake. Kesho yake nilikuta ameniwekea meza kando ya ile yake. Kwa mzee yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Bwana Nassor alikuja kila wiki kutoa maelekezo. Maelekezo yake yalikuwa ni sentensi moja tu: "Nataka iwe rahisi, lakini ionekane ghali." Nakiri kwamba kazi yangu yote ilitokana na sentensi hiyo. Godoro la ukoga tukalitupa, nikashona jipya la sufi, katika vipande vitatu ili kila kimoja kiweze kuanikwa juani. Mapazia nikayashona kwa kanga, nikayatia bitana nyeupe upande wa nje, kwa sababu jua la Jambiani hula rangi. Dari tukaifunika kwa mikeka ya ukili tuliyomwagiza Bi Mkasi, mkulima wa mwani wa Jambiani, ambaye shamba lake la mwani lilikuwa mbele ya hoteli tangu hoteli haijawa hoteli. Pampu ya maji ilikufa, Mzee Shaame hakuifufua. Alipandisha dumu la maji juu ya kabati, akalifunga kwa mikanda, maji yakateremka yenyewe. Bwana Nassor akayaita hayo yote mtindo wa Kizanzibari. Sisi tuliyaita kutokuwa na vipuri.

Mara ya kwanza alipokataa kutusikiliza ilikuwa habari ya kiyoyozi. Alileta kile kikubwa cha dirishani, kilichotolewa katika chumba cha hoteli, akataka kifungwe ukuta wa nyuma.

"Ukuta huu ni bati na plaiwudi, bwana," Mzee Shaame alimwambia. "Hata kalenda unaibeba kwa taabu."

"Kifungeni. Wageni wanapenda baridi."

Tukakifunga. Siku ya kwanza gari kupelekwa Jambiani, kwenye shimo la kwanza la maana, kiyoyozi kikashuka. Hatukujua. Tulijua tulipofuatwa na mwenye shamba la muhogo juu ya baiskeli, akatuuliza kwa adabu kama kuna kitu tumesahau. Tuliporudi Mpendae tukaliziba lile pengo, tukatoboa matundu mawili ya hewa, moja chini upande wa kivuli, moja juu upande wa pili, tukayawekea chandarua, na paa tukalipaka rangi nyeupe. Hewa ya moto hupanda ikatoka, ya baridi ikaingia chini. Nawaambieni vijana, hakuna fundi aliyeivumbua hiyo. Nyumba za Mji Mkongwe zinafanya hivyo tangu babu zetu hawajazaliwa.

Sasa nifike kwenye siku ambayo bado huniamsha usingizini.

Bwana Nassor aliamua gari lizinduliwe rasmi. Aliwaalika wakubwa, akamtafuta mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja ambaye nitamwita hivyohivyo, mheshimiwa. Mpango ulikuwa mheshimiwa akate utepe, aingie ndani, awashe jiko la gesi kwa mkono wake, aandaliwe chai humo, kisha gari limpeleke mpaka Kizimkazi akaone pomboo. Wapiga picha watatu. Bango refu kuliko gari.

Mpira wa gesi wa jiko lile ulikuwa wa zamani, uliokuja na wale mume na mke. Nilikuwa nimeuandika katika orodha ya mahitaji mara tatu. Mara tatu ulifutwa, na mara ya tatu mahali pake paliandikwa "maua."

Asubuhi ya uzinduzi nilikuwa ndani ya gari, Jambiani, nikipanga mito. Nikasikia harufu. Haikuwa kali, ilikuwa ya kuja na kupotea, harufu ambayo mtu hujiambia kwamba ni pua yake tu. Nikakoroga sabuni kwenye kikombe, nikapaka povu kwa brashi pale mpira unapoungana na jiko. Mara ya kwanza halikutokea kitu. Mara ya pili povu likaanza kuvimba taratibu kama shavu la mtoto anayepuliza puto. Likapasuka, likavimba tena.

Nikafunga mtungi, nikafungua madirisha yote, nikamwita Mzee Shaame. Akapiga magoti, akafungua mtungi kidogo tena, akalitazama lile povu likivimba. Akamwita Bwana Nassor. Akaja amevaa suti nyeupe, jasho linamtoka, simu sikioni.

"Jiko linavuja," nikamwambia. "Lisiwashwe leo."

"Linavuja wapi? Mie sioni kitu."

"Tazama povu."

"Bi Zuhura, hilo ni povu la sabuni. Povu ndo kazi yake."

"Povu halivimbi mpaka lipulizwe, bwana. Linapulizwa na gesi. Mlango ukifungwa, na watu wanane humu ndani, mmoja akawasha kiberiti..."

"Dakika tano tu! Awashe, apigwe picha, azime. Mheshimiwa nshamwambia kuna jiko la kisasa. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie chai itachelewa."

Akamgeukia Mzee Shaame. "Mzee, wewe ni mtu mzima. Sema naye huyu. Linaweza kuwaka dakika tano au haliwezi?"

Nikamtazama mwalimu wangu, mtu aliyenifundisha kutoamini tone. Akatazama chini. Akavua kofia, akaivaa tena. Nadhani uso wangu ulinisaliti hapo, kwa sababu Bwana Nassor alitabasamu, akasema, "Unaona?"

Magari ya wageni yalikwishaanza kuingia, na Bwana Nassor akatoka mbio kuwapokea. Sikuwa na mtu wa kuniunga mkono wala wakati wa kubishana. Nikaufunga tena mtungi, nikakifungua kichwa chake, kile kinachopitisha gesi, nikakitia mkobani, mkoba nikautia ndani ya buibui, nikafumbata mikono. Kisha nikaenda kwa Bi Mkasi, aliyekuwa kwenye kivuli na wenzake wakingoja kuimba wimbo wa kumkaribisha mgeni.

"Bi Mkasi, una seredani hapo karibu?"

"Ipo. Na makaa yako moto, tunakaanga samaki. Kwani kuna nini?"

Nikamwambia. Hakuuliza swali la pili. Akainuka, akanyanyua ile seredani kwa kanga mbili, akaiweka nyuma ya gari, mbali ya kutosha, upande ambao wapiga picha hawauoni. Birika likawekwa juu yake.

Mheshimiwa akakata utepe, akaingia na watu wake, akasifu dari, akasifu mito, akaketi. Bwana Nassor akaenda kwenye jiko na kiberiti, akazungusha kitasa, akawasha njiti. Kimya. Akawasha ya pili. Kimya. Nilimwona kupitia dirisha akifunua kabati la mtungi, kisha akiinua kichwa na kunitafuta mie kwa macho. Nami nikapitisha birika la chai kwenye dirisha la nyuma, nikasema kwa sauti ya hoteli kubwa: "Chai tayari, mheshimiwa. Karibu."

Mheshimiwa akanywa, akafumba macho. "Unajua," akawaambia watu wake, "mtu akinywa chai hii anajua kabisa imepikwa kwa teknolojia."

Wakapiga makofi. Nyuma ya gari Bi Mkasi alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika.

Wageni walipoondoka kwenda Kizimkazi, Bwana Nassor alinyoosha mkono. Nikampa kichwa cha mtungi. "Umenidhalilisha," akasema. "Kesho usije."

Nikarudi nyumbani Mpendae nimebeba mkasi wangu. Nilijifanya mbele ya wanangu kwamba sikujali, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Alasiri ya siku ya pili nikasikia hodi. Mzee Shaame alikuwa mlangoni, mkononi ana karatasi ya gazeti. Akakataa kiti, akakubali maji.

"Nilinyamaza," akasema.

Nikamwongezea maji. Nilitaka aendelee.

"Miaka yote nnafundisha watu wasikilize gari. Jana nimesikia vizuri kabisa, nikaogopa kusema. Nikasema moyoni, nna miaka miwili tu nistaafu, nipite salama. Nimekuja unisamehe."

Akalifungua lile gazeti. Ndani mlikuwa na mpira wa gesi, umekatwa vipande viwili. Asubuhi hiyo alikwenda Jambiani, akaukata kwa kisu mbele ya Bwana Nassor, akamwambia kwamba sasa hapana wa kubishana. Akaukunja mpira mbele yangu. Ukapasuka nyufa tele kwa ndani, kama tope lililokauka.

"Na yeye alisemaje?" nikamuuliza.

"Na mie nisije kesho."

Tukatazamana, tukacheka mpaka mwanangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Lakini nilimwambia pia: "Uliniumiza, mzee." Akasema, "Najua." Hakujitetea. Nimewahi kuombwa radhi na watu wengi, na huyo peke yake ndiye ambaye hakuongeza "lakini."

Tulikaa nyumbani siku kumi na moja. Ya kumi na mbili Bwana Nassor mwenyewe alikuja barazani kwangu. Alikuwa na gari-nyumba lisilo na mpira wa gesi, wageni walioahidiwa jiko, na fundi mpya aliyeweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi hadi waya ukayeyuka na kulitoboa lile dumu la maji. Wageni walilowa. Wakaandika mtandaoni kwamba maporomoko ya maji ya ndani yalikuwa jambo wasilolitegemea, na Bwana Nassor hakujua kama hizo ni sifa au lawama.

"Bi Zuhura, shikamoo," akasema. Ni mkubwa kwangu kwa miaka minane.

Nilimpa masharti nikiwa nimesimama. Mzee Shaame arudi nami. Mtungi utoke ndani, ukae kwenye sanduku la nje lenye matundu chini, kwa sababu gesi hii ni nzito, hutambaa sakafuni kama moshi wa ubani uliochoka. Mpira ubadilishwe kabla haujazeeka, siyo baada. Na fundi akisema jiko lisiwashwe, lisiwashwe, hata aje nani. Akasema atalifikiria katika kikao. Nikamwambia kikao ndicho hiki. Akakubali.

Tangu hapo kazi ilikwenda kama kazi zinavyokwenda. Mzee Shaame alistaafu salama, akafariki nyumbani kwake akiwa usingizini, na vyombo vyake mnavitumia nyinyi leo. Msiviache mvuani. Gari tukaliosha kwa maji baridi kila wiki chini yake, maana chumvi ya Jambiani haina likizo. Tuliziba, tukashona, tukapaka. Wageni walilala humo, wakafunga ndoa humo, wengine wakaachana humo. Hatimaye injini ikafa, na Bwana Nassor akahamia kwenye utalii wa kukandwa mwili na kunywa maji ya tango. Akasema gari liuzwe chuma chakavu. Wanunuzi wakasema wanalitaka, ila wapelekewe mjini, na kulipeleka kulikuwa kugumu kuliko kuliacha.

Bi Mkasi na wenzake walikuwa wakitengeneza sabuni ya mwani chini ya turubali. Akaja kuniuliza kama lile gari linaweza kuwa chumba cha sabuni. Nikamwambia linaweza: sinki lipo, matundu ya hewa yapo, kitanda kinatoka, mbao zake zinakuwa rafu za kukaushia. Nikaenda kumwambia Bwana Nassor. Alikataa mpaka nilipotaja neno "picha." Siku hiyohiyo akaagiza bango: MSAADA KWA AKINA MAMA.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho, kabla hamjaniletea ile saa. Kutoka hotelini mpaka uwanja wa Bi Mkasi ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, mchanga mtupu. Wanawake wa mwani walikuja kama thelathini, wengine suruali chini ya kanga, miguu imekakamaa kwa maji ya chumvi. Wauzaji wa samaki wakaongezeka. Mie nikashika kona ya nyuma, bega kwenye bati nililolijua kuliko uso wangu. Bi Mkasi akaongoza: "Haya, moja, mbili, sukuma!" Na gari likaenda.

Bwana Nassor hakusukuma. Alisema mtu lazima ashike usukani, akapanda mbele, akafunga mkanda, akateremsha kioo. Njia nzima alipunga mkono kwa watu waliosimama kutazama, na kila tulipopumzika alipiga honi isiyolia. Tulizama mchangani mara mbili, tukachimba kwa mikono, tukatandika makuti chini ya matairi, tukasukuma tena. Mwanamke mmoja aliangusha kiatu, mwingine akaangua kicheko. Tulipofika, tukaegemea bati, hatuna pumzi, mchanga mpaka kwenye nyusi.

Bwana Nassor akateremka. Akatoa kitambaa, akajifuta paji la uso, akatutazama sote mmoja mmoja kwa uso wa mtu aliyemaliza kazi kubwa.

"Wallahi," akasema, "hili gari zito."

Bi Mkasi akainua kichwa, akajipangusa mchanga mdomoni.

"Pole na safari, Bwana," akamwambia.